Pombe ya Kuganduka

Gasenyi, Bujumbura, 2 Juni

Mama yangu mupenzi,

Namegabe, mudogo wangu, akikusomea hii barua, mwambie asome polepole, asirukeruke kama kawaida yake. Mi na Mélissa tuko wazima. Ameng'oka jino la mbele, na tangu pale anacheka kila saa ili watu walione pengo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu sina tena. Ilikuwa ya mume wangu Térence, na kaka yake mukubwa, Ildephonse, alibeba vitu vyake vyote kwenda kwao Mwaro siku ileile tuliyomuzika. Simu, redio, hata koti. Barua utaletewa na Khadidja, yule muuza vitenge wa Uvira. Anasema anapanda huko Kaziba siku za soko.

Jambo ni hili, mama. Mwezi wa munane, baada ya Asomsio, ile sikukuu ya Bikira Maria, tunamaliza kilio cha Térence. Huku wanaita kuganduka. Ukoo wote unakuja, wanakunywa pombe, mi navua nguo za kufiwa, kisha wazee wanakaa na kukata mambo ya nyumba. Juzi Ildephonse alikuja. Alikaa kwenye kiti cha Térence, akasema kwao pombe ya kuganduka hainunuliwi. Inapikwa na mjane kwa mikono yake, pombe ya mutama, katika chungu cha nyumba. Mjane akiweka chungu na watu wakanywa, nyumba bado imesimama na mutoto anabaki kwa mama yake. Akishindwa, nyumba imefungwa, mutoto anarudi kwa ukoo wa baba yake. Alisema maneno hayo Mélissa akiwa pale pale, anamuwekea sukari kwenye chai.

We unanijua mi na jiko la pombe. Ukiniita nikukorogee, nilikuwa nakimbilia mutoni. Najua kuuza karata za simu na kukaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwa, basi. Chungu niko nacho, kile ambacho mama yake Térence alimuachia. Kilikuwa kinatia haya, ndani kimeganda weusi mutupu. Nimekisugua na sabuni na mchanga mpaka kimekuwa chekundu kama kipya.

Niandikie kila kitu. Nianze wapi, chachu natoa wapi, nitajuaje imekubali. Mi huyu mutoto simutoi, mama.

Mutoto wako,
Pascaline


Kaziba, 14 Juni

Pascaline mutoto wangu,

Mi nasema, Namegabe anaandika. Nimemuambia aandike vile ninavyosema, asipambe.

Nani alikutuma usugue chungu? Ule weusi njo pombe yenyewe. Chachu inalala mule kwenye ukuta wa chungu, ikisikia uji inaamuka. Changu hakijaona sabuni tangu baba yako anioe. Sasa chako kimekuwa sufuria tu. Haya, ulichofanya umekifanya. Nakutumia chachu yangu, machicha ya chungu cha juzi, niliyaanika nikayafunga kwenye majani ya mugomba. Khadidja asiyakalie.

Sikiliza. Loweka mutama. Utandaze juu ya majani, uufunike, uache uchipuke, utoe mikia. Ukishatoa mikia, anika, saga: hicho ni kimea. Pika uji muzito, changanya na kimea, acha upoe. Tia kidole. Kidole kisilie. Hapo njo unatia chachu, si kabla. Kisha chukua blanketi mbili nzito, ufunike chungu mpaka chini, ukisogeze karibu na moto, ufunge mulango. Pombe ni mutoto muchanga, inataka joto. Ikipata baridi inakufa tumboni.

Na huyo Ildephonse, mukaribishe vizuri. Mutu akinywa pombe yako akashiba, aibu inamushika. Mi nawajua wanaume wa kilio.

Ningekuja mwenyewe. Muguu umekataa.

Mama yako

Yaya, dada yangu mukubwa, ni mi Namegabe. Mama hasemi, lakini muguu umevimba mpaka kiatu hakiingii. Anasimama kwa fimbo. Anajifanya anapima hali ya hewa pale mulangoni, kumbe anamungojea Khadidja.


Gasenyi, 4 Julai

Mama,

Chachu ilifika. Lakini Khadidja aliifunga na vitenge juu ya paa ya gari, na jua lote la bonde la Ruzizi likaipiga. Nilipofungua majani ilikuwa kavu, inanuka vumbi.

Hata hivyo nilifanya vile ulisema. Mutama ulitoa mikia, Mélissa akawa anaihesabu. Nilisaga, nikapika uji, nikangoja upoe, nikatia kidole, nikaona sawa. Nikatia chachu, nikafunika na blanketi mbili, nikasogeza kwenye mbabula ya makaa, nikafunga mulango. Asubuhi nikafunua. Kimya. Nikafunika tena. Kesho yake kimya. Mélissa aliweka sikio kwenye chungu akasema: "Mama, hamna mutu." Kilikuwa uji tu, na juu umeota ukungu. Nikaumwaga.

Basi nikaenda sokoni kununua levire, ile hamira ya kiwanda ya kwenye sashe, wanayotia kwenye mukate. Muuzaji aliniuliza unga wangu ni kilo ngapi, nikaona haya kusema ni pombe, nikasema ni mukate wa harusi. Akanipa sashe nyingi. Nilizitia zote, na chachu yako kidogo ili usikasirike, nikafunika na blanketi zako mbili. Na sasa, mama, niko naandika na chungu kiko nyuma yangu kinaongea. Kinapiga kelele ya mvua. Blanketi inapanda na kushuka. Nimefunua mara moja nikaona povu limefika mudomoni. Mélissa anacheza mbele yake. Kama ni hivi, kwa kuganduka mi nitawanywesha mpaka wasahau njia ya Mwaro.

Naacha kidogo niende bombani, nitamalizia.

Mama, ni kesho yake. Iliharibika. Nilikuta povu limemwagika sakafuni mpaka chini ya kitanda, blanketi zimelowa, chumba kimenuka siki, na chungu chenyewe cha moto kama kiko juani. Nilionja nikatema. Jirani Zubeda alikuja kuuliza kama kuna mutu mugonjwa. Blanketi moja ilikuwa ya Térence.

Niambie nilikosea wapi. Mutama umepanda bei huku, na bia ya dukani yenyewe haionekani, kila mutu anapika, hata kimea wanagombania. Nina mutama wa chungu kimoja tu kilichobaki.

Pascaline


Kaziba, 20 Julai

Pascaline,

Niliposikia habari nilikaa chini. Nimepika tangu nikiwa mwali na sijaona blanketi ikiharibu pombe. Nimefikiri sana. Ni upepo. Ulifunua kuangalia, si ndiyo? Uliandika mwenyewe kwamba ulifunua. Upepo uliingia, pombe ikashtuka, ikakimbia, ikachacha. Na huko kando ya ziwa mnapigwa na upepo, mi naujua upepo wa ziwa.

Ongeza blanketi ya tatu. Na moto uwe karibu zaidi. Usifunue hata kama kinakuita kwa jina.

Na ile dawa ya sokoni uache. Ile ni ya mukate. Nimekutumia chachu nyingine, nyingi, Namegabe ameifunga ndani ya kibuyu. Khadidja aibebe mapajani.

Mama yako

Yaya, barua hii inakaa kwangu tangu nilipoiandika. Njia ya kushuka imefungwa, na watu wanasema hovyo, mumoja hivi na mwingine vile. Khadidja hajapanda siku mbili za soko. Nitaipa mutu wa kwanza atakayeshuka. Ikikufikia imechelewa, usinikasirikie. N.


Gasenyi, 7 Agosti

Mama,

Sijapata jibu lako na sijui kama hii itafika. Khadidja amekwama Uvira. Namupa dereva wa lori, anasema akikosa njia ataiacha kwa mapadri.

Kuganduka imekaribia. Niliogopa kugusa ule mutama wa mwisho. Nilikuwa naufungua, naufunga, naenda kuuza karata, narudi, naufungua tena. Mwisho nikamulilia Zubeda. Zubeda ni jirani wa ukuta mumoja, Mwislamu, mutu wa dini, familia yake ni ya mutaa wa Buyenzi tangu zamani. Anapika mikate na mandazi ya hapa mutaani. Alinisikiliza, kisha akasema: "Pascaline, mi habari ya pombe siijui na sitaki kuijua. Usinitajie hilo neno. Lakini tukiongea habari ya unga, hapo nitakusikiliza."

Basi tukaongea habari ya unga. Nilimuambia nilitia sashe zote kwenye "unga" na nikaufunika na blanketi mbili karibu na moto. Alinishika mukono. Akaniuliza mama yangu ananifundisha kutoka wapi. Nikasema Kaziba, mulimani. Akauliza kama kule kuna baridi. Nikasema asubuhi tunatoa moshi mudomoni. Akasema: "Basi mama yako hana kosa. Blanketi ni za kule. Hapa unga ukiufunika unaupika mara mbili. Mi wangu nauweka kwenye beseni la maji, chini, pale upepo unapopita."

Kumbe ni hilo, mama. Ulinifundisha vizuri kabisa, ila kwa hewa ya Kaziba. Mi nilishuka nikasahau kwamba nimeshuka.

Akanionyesha jambo lingine. Kabla ya kuchanganya anaiuliza hamira kwanza kama iko nzima. Anatia kidogo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu na sukari, anakaa. Ikitoa povu iko nzima, ikinyamaza anamwaga kikombe tu, hamwagi unga wote. Nikafanya hivyo na levire, ikapanda harakaharaka. Nikafanya na mabaki ya chachu yako, yale ya katikati ya majani ambayo jua halikuyafikia. Yalinyamaza mpaka nikakata tamaa, nikaenda kumuogesha Mélissa. Kurudi, nikaona kipovu kimoja, kisha kingine. Niliita Mélissa na taulo lake. Tulikaa sakafuni tukiangalia kikombe.

Nikachagua yako. Levire inakimbia, yako inatembea, na mi nimechoka kukimbizana. Nikailisha kimea kidogo kidogo mpaka ikajaa bakuli, kisha nikapika uji, nikaungoja mpaka baridi kabisa, nikatia. Chungu kikakaa kwenye beseni la maji kwenye koridoo, na gunia lililolowa begani. Kila maji yakipata joto nayabadilisha. Zubeda anapita pale akienda kwake, anafumba macho, anauliza: "Unga hajambo?" Nikisema hajambo anapita.

Imekubali, mama. Inapumua polepole, haina haraka. Ina harufu ya kwako. Nilisimama pale koridoo nikalia, sikujua kama nalia kwa sababu ya Térence au kwa sababu ya harufu. Hii ni ya majaribio, nusu ya mutama. Nusu nyingine naiweka wiki ijayo na machicha ya hii.

Ildephonse ametuma mutu kuuliza karatasi ya pointi za Mélissa za mwaka mzima. Nimempa. Ni wa pili darasani. Nimefurahi kwamba anajali shule yake.

Pascaline


Gasenyi, 18 Agosti

Mama yangu,

Kuganduka imepita. Pombe ilikuwa nzuri kuliko ile ya majaribio. Nilionja mbele yao kama desturi, kisha Ildephonse akaweka murija wake, akavuta, akavuta tena, akasema pombe hii ni ya mulimani kabisa, nani aliipika. Nikasema ni mi, na chachu ni ya mama yangu. Wazee wakapiga makofi. Shangazi ya Térence, yule asiyesalimia, aliomba machicha aende nayo. Walimaliza chungu chote.

Wamesema mbele ya watu kwamba nyumba imesimama. Nimevua nguo nyeusi. Mélissa amepata viatu vipya, vya kufunga na kamba, anavipenda.

Asante, mama. Chachu yako ilifanya kazi yake.

Pascaline


(Karatasi ya pili)

Namegabe, hii usimusomee mama. Isome nje, kisha uichome.

Yote niliyoandika huko juu ni kweli. Sikuweza kuandika uongo kwa mama, kwa hiyo nimeandika ukweli nusu.

Walikuja na gari mbili. Nilikuwa na furaha, Namegabe, ninaona haya kukuambia. Wakivuta mirija nilikuwa nasimama pembeni kama mwanafunzi anayesomewa pointi. Kila mutu aliyesifu, nilisema moyoni, huyu mumoja, huyu wa pili, sasa hawawezi kunichukulia mutoto. Mi mwenyewe nilikuwa nawaongezea. Mélissa alikuwa anabeba mirija ya wazee, anaifuta, anawapa kwa mikono miwili.

Kisha wazee walikaa sebuleni, mi nikaenda kuosha vibuyu. Waliniita. Ildephonse akasema: "Shemeji, tumekunywa. Nyumba imesimama, hakuna atakayekutoa hapa. Mutoto atapanda na sisi leo." Nilidhani sikusikia. Nikasema, lakini mulisema nikiweka chungu. Akasema, kwa upole kabisa, hakupandisha sauti: "Tulisema nyumba haitafungwa, na hatukuifunga. Mutoto ni wa ukoo, hilo halina pombe." Wazee wakaangalia chini. Walikuwa wameshiba pombe yangu, hakuna hata mumoja aliyeinua kichwa.

Nafasi ya shule Mwaro walikuwa wameshaichukua. Njo maana ya ile karatasi ya pointi. Na viatu walikuja navyo tayari, namba yake kabisa. Vilikuwa kwenye gari muda wote, wakati mi nawamiminia.

Mélissa hakulia. Alidhani ni matembezi. Shangazi alimufunga kamba za viatu, naye akawa anapiga hatua kuvisikia. Aliniuliza nitafika lini. Nikasema keshokutwa.

Nilienda kwa nyumbakumi, mukubwa wa mutaa. Aliniuliza cheti cha ndoa ya komini, ile ya serikali. Sisi tulioana kanisani na kwa wazazi, komini tulikuwa tunasema mwaka ujao, mwaka ujao. Akasema ananihurumia. Nikaenda kwa padri, naye akasema ananihurumia. Zubeda alisikia, akaja na mukate, akakaa karibu yangu mpaka jioni. Chungu kilikuwa pale katikati yetu, kitupu, na kwa mara ya kwanza aliingia chumba kile bila kufumba macho.

Mama akijua atataka kuja. We unajua atakuja na ule muguu. Usimuambie.

Barua yake ya Julai imenifikia jana. Ameniambia niongeze blanketi ya tatu.

P.


Kaziba, 3 Septemba

Pascaline wangu,

Namegabe amenisomea nikamuambia arudie pale Ildephonse alipovuta murija mara ya pili. Arudie tena. Majirani wote wamesikia. Nimemuambia mama yake padri, wa Kaziba, kwamba pombe yangu imekata kesi Bujumbura.

Na huyo Zubeda, mwambie blanketi zangu sizitetei tena. Nimekubali. Lakini huku mulimani asije kunifundisha.

Sasa nina ombi moja. Mélissa yuko darasa la pili, anajua kuandika. Barua ijayo aniandikie mwenyewe, mistari mitatu, minne. Mi sisomi, lakini nataka kushika karatasi na kuangalia mukono wake unavyokwenda. Aniambie viatu ni vya rangi gani.

Koko yake, mama yako

Yaya. Nilisoma karatasi ya pili nje nikaichoma. Nilirudi ndani na mama akaniuliza kwa nini macho mekundu, nikasema moshi. Nilikwenda kwa baba mudogo bila kumuambia mama. Tulikaa, tukapanga kwenda Mwaro, wanaume watatu, tuongee na hao watu. Kisha tukaulizana tutapita wapi, na tukifika tutaonyesha karatasi gani, na tutasema Kirundi gani. Baba mudogo akaniambia nirudi kuchunga mama. Nimerudi. Sina la kukupa, yaya. Kila barua yako naiandikia majibu matatu kichwani na yote hayafai. Namegabe


Gasenyi, 21 Septemba

Namegabe, hii ni yako.

Nilipanda Mwaro. Mélissa alikuwa kwenye uwanja na watoto wa Ildephonse, amenyolewa nywele. Aliniona akakimbia, kisha akasimama njiani, akamuangalia muke wa Ildephonse kama anaomba ruhusa. Nikakaribishwa ndani, nikapewa kiti. Mélissa aliniletea glasi ya maji kwenye sahani, akapiga goti, kama anavyofanya kwa wageni. Tuliongea mbele ya watu. Ameota jino.

Ildephonse alinisindikiza mwenyewe mpaka kituoni. Aliniomba, kama itawezekana, nipike chungu kingine kwa Noeli, wazee wanaiulizia. Nikasema nitaona. Namegabe, nilisema nitaona. Kwa sababu nilifikiri nikipika nitapanda tena, na nikipanda nitamuona. Niko naloweka mutama.

Karatasi ya mama ni hii nyingine. Mistari ya chini nimeandika kwa mukono wa kushoto. Msomee tu.

P.


(Karatasi ya mama)

Mama yangu, sisi wazima. Huku joto limezidi, mvua bado. Zubeda anakusalimia, amefurahi kwamba umemukubali. Chungu sijakisugua, weusi umeanza kurudi. Mutoto huyu hapa, anakuandikia mwenyewe.

KOKO YANGU. MI NI MELISSA. VIATU NI VYA BULU. NASOMA VIZURI. POLE NA MUGUU WAKO. MUNGU AKULINDE. NAKUPENDA SANA.


Kaziba, 6 Oktoba

Mélissa mujukuu wangu, maneno yako yamenifikia. Umeandika vizuri. Muguu wangu unapona, usiuwaze. Bulu ni rangi nzuri.

Pascaline, kula. Usikae peke yako jioni, kaa kwa Zubeda. Ukipika tena, pika polepole. Mi nakuwaza.

Mama

Yaya, ni mi.

Sikumuambia. Nakuapia kwa kaburi la baba, sikufungua mudomo. Nilimusomea karatasi yake vizuri, hata ile mistari niliisoma kwa sauti ya kitoto. Alishika karatasi, akaigeuza, akaangalia herufi muda murefu. Akaniomba nisome tena pale mutoto anaposema pole na muguu. Nikasoma. Akasema: "Mutoto wa miaka saba hampi koko yake pole ya muguu. Anauliza umenitumia nini." Akaniambia nichukue kalamu, akasema yale maneno machache uliyosoma hapo juu, na akaniambia nisiongeze.

Baadaye, nilikuwa napuliza moto, akaniuliza Mwaro iko upande gani. Nikasema ni mbali, ng'ambo, ni mulima mwingine. Akauliza kutoka Bujumbura mutu muzee anapanda kwa miguu kwa muda gani. Nikasema sijui. Ni kweli, sijui.

Leo asubuhi nimemukuta amekaa mulangoni na kitenge cha safari na kibuyu cha chachu mapajani. Nimemuambia njia imefungwa tena tangu jana. Amesema amesikia. Hajaingia ndani. Nimekaa hapa karibu naye naandika, na hata hii barua sijui nitampa nani.

Namegabe